Jinsi printa ya wino mweusi inavyochora rangi ya kijivu

Mapema mwaka 2009, mapaa ya mabati katika mtaa wa Kibera, Nairobi, yalifunikwa kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo. Kazi hiyo ya msanii wa Ufaransa ajulikanaye kama JR ilienea katika eneo la takriban mita mraba 2,000. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na zilichapishwa juu ya turubai la plastiki lililokinga nyumba dhidi ya mvua.

Hata hivyo, uso wa binadamu si mweusi na mweupe tu. Una vivuli vingi vya kijivu, ilhali printa yenye wino mweusi pekee haina wino wa kijivu. Kila mahali kwenye karatasi ama hutiwa wino ama huachwa wazi.

Siri imo katika vitone. Penye giza, vitone huwa vikubwa au vingi hadi kukaribia kugusana. Penye mwanga, huwa vidogo au vichache. Jicho likiwa mbali haliwezi kuvitenganisha, hivyo huona kijivu.

Mbinu hii ni kongwe. Machi 4, 1880, gazeti la Daily Graphic la New York lilichapisha picha ya namna hiyo, miongoni mwa za kwanza magazetini. Ilionyesha mtaa wa mabanda wa jiji hilo.

Printa ya vitone 600 kwa inchi huvikusanya katika miraba. Mraba wa vitone 8 kwa 8 una nafasi 64, hivyo hutoa viwango 65 vya kijivu, ukihesabu na weupe wa karatasi. Miraba 75 hutosha katika inchi moja. Mraba ukiwa wa 16 kwa 16, viwango hufika 257, lakini miraba hupungua hadi takriban 37 kwa inchi na picha huonekana yenye chembechembe. Picha ya kutazamwa kutoka mbali, kama zile za Kibera, huvumilia chembe kubwa. Ya kitambulisho haivumilii.

Hapo ndipo mkazi wa Kawangware anayetoa nakala ya kitambulisho kwa ajili ya fomu ya basari anapoweza kupata hasara. Mashine iliyotegwa kunakili maandishi hugeuza kila kijivu kuwa cheusi au cheupe. Karatasi duni nayo hufyonza wino, vitone vikavimba na kuungana. Sehemu zenye giza huzibika kwanza, na uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi hubaki doa lisilo na macho wala pua.

Kinga ni rahisi: nakala itolewe kwenye kitambulisho chenyewe, si kwenye nakala nyingine, mashine itegwe kwa picha, si maandishi, na kiwango cha weusi kipunguzwe kidogo.