Tundu la Herufi A

Wenzangu mliopita shuleni kwetu katika miaka ya sabini, na ninyi vijana mnaokalia madawati yale hivi sasa, wahariri wameniomba nieleze habari za ubao wa majina ya marehemu uliotundikwa ukumbini siku ya mkutano wetu uliopita, na kwa nini ulichelewa. Nimeona siwezi kueleza kisa hicho bila kugusa historia ya herufi zenyewe, yaani jinsi zinavyotengenezwa ili zipigwe chapa. Historia hiyo, kwa sisi watu wa Kyela, naianzia kwenye magunia.

Aliyekulia Mbugani siku zile aliona magunia ya mpunga yakiandikwa. Mwandikaji alikuwa na bati lililokatwa herufi. Aliliweka juu ya gunia, akapitisha brashi ya rangi, akaliondoa, na jina likabaki. Jina KYELA ni jepesi kwa mkata bati, maana K, Y, E na L hazina tundu ndani yake. Taabu iko kwenye A. Ukiikata A kwa kufuata ukingo wake wote, kile kipande cha pembetatu kilicho katikati huanguka chini, na gunia hupata A iliyoziba kama hema. Kwa hiyo fundi hana budi kuacha vijidaraja vya bati vya kushikilia kile kipande. MBUGANI ina kazi zaidi, kwa kuwa B ina matundu mawili na A moja. Sisi watoto tuliona vile vijidaraja tukadhani ni urembo.

Wapiga chapa hawakuwa na taabu hiyo. Tangu Johannes Gutenberg alipofanya kazi yake mjini Mainz, Ujerumani, katikati ya karne ya 15, kila herufi ilikuwa kipande chake cha madini, chenye tundu lake tayari. Mpanga chapa alizichomoa herufi kashani moja moja, zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo, akazipanga mstari kwa mstari. Ndivyo walivyofanya wamisionari wa UMCA kule Unguja tangu miaka ya 1860, na baadaye katika kisiwa cha Likoma, katika ziwa letu hili hili. Ndivyo lilivyopangwa pia gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Faida kubwa ya kazi ile ilikuwa katika kusahihisha: palipokosewa, fundi alichomoa herufi mbovu akatia nzuri, na mstari ukabaki mstari. Hasara yake ilikuwa kwamba kasha lililopimwa kwa Kiingereza lina e nyingi mno na k chache, na Kiswahili hula a na k kama moto ulavyo majani makavu. Fundi aliyeishiwa k alilazimika kusubiri ukurasa wa kwanza upigwe chapa na kubomolewa ndipo apange wa pili.

Shuleni kwetu hatukuwa na herufi za risasi. Tulikuwa na karatasi za stensili na mashine ya kurudufu, uzao wa maarifa ya David Gestetner, mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi London katika miaka ya 1880. Waliokuwa katika kamati ya gazeti la shule watakumbuka: unaondoa utepe kwenye taipureta ili vyuma vipige karatasi ya nta moja kwa moja, na kila herufi inakuwa njia ya wino kupita. Ukipiga kwa nguvu, o inakatika mzingo mzima, kitovu chake kinaanguka, na kwenye nakala zote linatoka doa jeusi. Lilikuwa ni lile lile bati la magunia, ila la nta. Kosa ulilipaka dawa nyekundu ya kusahihishia, ukangoja ikauke, ukapiga tena juu yake. Nilipigwa marufuku kugusa taipureta ile muhula mzima kwa sababu ya vitovu vya o. Adhabu hiyo nilistahili.

Vijana wataniuliza kwa nini hatukutumia kompyuta. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo lile lilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980. Hata bila katazo, sidhani kama kamati yetu ingepata moja.

Wakati huo huo, huko Ufaransa, mambo yaliyokuja kubadilisha herufi zote za dunia yalikuwa yameshaanza katika viwanda vya magari. Paul de Casteljau wa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault katika miaka ya 1960, walitafuta njia ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari kwa hesabu. Walipata kwamba mkunjo wowote unaweza kuelezwa kwa nukta chache: mbili za mwisho, na nyingine za kuuvuta mkunjo upande huu au ule. Kampuni ya Adobe ya Marekani iliitumia hesabu hiyo kuchora herufi katika lugha yake ya PostScript mwaka 1984, kisha ikatoa programu ya Illustrator mwaka 1987. CorelDRAW ilitoka Kanada mwaka 1989, nayo ndiyo niliyoikuta kwa mafundi wetu wa mabango.

Katika programu hizo herufi ina hali mbili. Hali ya kwanza ni maandishi: unaweza kufuta, kuongeza na kubadili jina utakavyo. Lakini maandishi hayo hutegemea fonti iliyomo ndani ya kompyuta ile. Ukipeleka kazi kwa mpiga chapa asiye na fonti hiyo, mashine yake huweka nyingine, na mistari yote huvurugika. Kwa hiyo mafundi huyageuza maandishi kuwa maumbo. Tangu hapo A si herufi tena kwa kompyuta. Ni mchoro wa pembe na mistari, kama mchoro wa jembe au samaki. Unaweza kuurefusha mguu wake au kuupinda, na utatoka vile vile kwenye mashine yoyote. Jambo usiloweza tena ni kuandika.

Na tundu je? A iliyogeuzwa umbo ina mizingo miwili, wa nje na wa ndani, iliyofungwa pamoja, na kompyuta inajua kwamba eneo la ndani liachwe wazi. Fundi akiitenganisha mizingo hiyo, kila mmoja unajazwa rangi peke yake, na A inaziba. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ilikuwa A ya gunia.

Sasa ubao wetu. Kamati ilipeleka majina ya marehemu wenzetu kwa fundi mmoja. Aliyapanga vizuri, akayageuza maumbo, kisha, katika kuzipa herufi nafasi, akaitenganisha mizingo ya orodha nzima. Majina yetu huanza na Mwa kwa wingi, basi kila mstari ulikuwa na hema jeusi. Alikaa siku mbili akiunganisha tundu na herufi yake, moja baada ya nyingine. Hayo yalikwisha. Ila usiku wa kuamkia mkutano, binti wa mmoja wa marehemu alipoonyeshwa kazi alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Shikamoo baba. Samahani, hili siyo jina la baba yangu." Palipotakiwa kuwa na Mwaky palikuwa na Mwak tu. Kosa lilikuwa letu katika orodha, wala si la fundi.

Kazi ya awali, ile yenye maandishi hai, fundi hakuwa ameihifadhi. Nilimwambia tutaufunika mstari ule kwa karatasi. Binti yule hakujibu. Fundi akatazama orodha, akaliona jina la mstari wa juu lenye y, akainakili ile y, akaisogezea mstari wa chini, kisha akazisukuma herufi zilizofuata moja moja hadi ikapata mahali pa kukaa. Alikuwa kijana asiyewahi kuiona herufi ya risasi, naye alifanya kazi ile ile ya wapanga chapa wa zamani.

Ubao ulitundikwa saa nne asubuhi badala ya saa mbili. Atakayesimama mbele yake ataona mstari wa saba umebanana kidogo kuliko mingine.