Kubadilisha pedi za breki ya mbele ya pikipiki nyumbani

Pedi za breki ni kipuri cha bei ndogo ambacho kikicheleweshwa huharibu kipuri cha bei kubwa. Pedi zikiisha kabisa, bamba la chuma lililozibeba huanza kukwangua diski, na diski huuzwa kwa bei mara kadhaa ya ile ya pedi. Kwa mwenye pikipiki inayopeleka mizigo sokoni au mpakani, huongezeka hasara ya siku nzima ya kukaa gereji. Kazi yenyewe haizidi saa moja.

Maelezo haya yanahusu pikipiki zenye diski mbele. Nyingi za bodaboda bado zina breki za ngoma, ambazo kazi yake ni tofauti.

Pedi nyingi huwa na mfereji mdogo unaoonyesha kiwango cha kuisha. Mfereji ukifutika, au unene ukibaki milimita 1 hadi 2, ni wakati wa kubadilisha. Mafuta ya breki kushuka taratibu kwenye kikopo chake pia ni dalili ya pedi kulika, hivyo anayeyaongeza bila kukagua pedi anajificha ukweli. Wakati wa kununua, ni vyema kwenda dukani na pedi ya zamani mkononi, kwani modeli zinazofanana kwa jina huweza kutumia pedi za maumbo tofauti. Pedi za kila kalipa hubadilishwa zote pamoja.

Pikipiki husimamishwa kwenye stendi imara, mahali tambarare. Pini za pedi hulegezwa kwanza kalipa ikiwa bado imefungwa, kisha hufunguliwa boliti zinazoishikilia kalipa kwenye shoki ya mbele. Kalipa isiachwe ining'inie kwa mpira wa mafuta. Ifungwe kwa waya au kamba. Tangu hapo mkono wa breki usiguswe, maana pistoni inaweza kutoka nje. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Kabla ya kuingiza pedi mpya, ambazo ni nene zaidi, pistoni husafishwa na kusukumwa ndani polepole. Mafuta hupanda kwenye kikopo, kwa hiyo kifuniko kifunguliwe na yaliyozidi yanyonywe yasimwagike, maana mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hubabua rangi. Ikiwa pedi moja imelika kuliko mwenzake, mara nyingi pini za kutelezea kalipa zimekauka au pistoni imekwama. Pini hizo husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, kidogo tu. Grisi au oili ikigusa uso wa pedi, pedi hiyo ni ya kutupa. Mafuta ya taa nayo hayafai kusafishia diski, huacha utando wa mafuta.

Boliti zikishakazwa, inabaki hatua inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo ya hatari zaidi. Pistoni ikiwa imesukumwa ndani, mkono wa breki hufika hadi kwenye mshikio bila kushika chochote. Lazima ubanwe mara nyingi hadi uwe mgumu, kabla gurudumu halijazunguka. Dereva anayeondoka bila kufanya hivyo, tena akiwa na gunia nyuma, hugundua kosa kwenye mteremko wa kwanza. Mkono ukiendelea kuwa laini, kuna hewa ndani ya mfumo, na hapo pikipiki isitoke bila fundi.

Jaribio la kwanza lifanywe bila mzigo, kwa mwendo mdogo. Kwa kilomita 100 hadi 200 za mwanzo breki ishikwe kwa upole ili pedi zikae sawa na diski, na unene wa diski ulinganishwe na kipimo cha mwisho ambacho kwa kawaida huchongwa juu yake.