Kanisa Kabla ya Jengo: Neno Ekklesia katika Matendo ya Mitume

Mtafiti wa historia ya Ukristo wa mwanzo anayesoma Matendo ya Mitume kwa Kiswahili hukabiliwa na tatizo la kiistilahi. Neno "kanisa" lina maana mbili: jengo la ibada na jumuiya ya waumini. Neno la Kigiriki linalotafsiriwa hivyo, ekklesia, halikumaanisha jengo katika karne ya 1, bali mkutano wa watu. Luka analitumia kwa waumini wa Yerusalemu (5:11), kwa Waisraeli jangwani (7:38), na hata kwa umati uliofanya ghasia Efeso (19:32). Kwa umati huo, Kiswahili husema "kusanyiko". Msomaji hatambui kwamba neno la asili ni lilelile.

Athari yake kwa historia si ndogo. Waumini walikutana majumbani: kwa Mariamu, mamaye Yohana Marko (12:12), na kwa Lidia huko Filipi (16:40). Hata huko Dura-Europos, Siria, mahali pa ibada pa karne ya 3 palipofukuliwa palikuwa nyumba iliyogeuzwa matumizi. Anayetanguliza jengo mawazoni huwasahau wanawake hao wawili, ambao bila milango yao jumuiya hizo zisingekuwa na pa kukutania.

Hata hivyo, "kanisa", lililotufikia kupitia Kiarabu, lina chimbuko katika mzizi wa Kiaramu wenye maana ya kukusanya. Kwa hiyo, makala haya hayapendekezi neno jipya; yanapendekeza kwamba wafasiri walifafanue lililopo, ili maana yake kongwe irejee kwa msomaji.