Muungano wa Kroger na Albertsons

Muungano wa Kroger na Albertsons ulikuwa mpango wa kuunganisha kampuni mbili kubwa za supamaketi nchini Marekani. Ulitangazwa Oktoba 2022: Kroger ingeinunua Albertsons kwa takriban dola bilioni 24.6.

Februari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho pamoja na majimbo kadhaa zilifungua kesi kuupinga. Zilidai kwamba katika miji mingi kampuni hizo hushindania wateja walewale. Zikiungana, bei zingepanda, na wafanyakazi wangepungukiwa nguvu ya kudai mishahara bora. Kroger ilijitetea kwamba ingepunguza bei, na kwamba ingeuza maduka 579 ili ushindani ubaki.

Tarehe 10 Desemba 2024 mahakama ya shirikisho mjini Portland, Oregon, iliuzuia mpango huo. Kesho yake Albertsons ilijitoa.