Leseni Bila Darasa, Darasa Bila Leseni: Mafunzo ya Bunduki katika Historia ya Uganda

Utangulizi

Je, mtu anayeomba leseni ya kubeba bunduki alazimishwe kwanza kupata mafunzo? Nchini Uganda swali hili huulizwa zaidi baada ya mauaji, na hujibiwa kwa haraka ya msiba. Insha hii inalitazama kwa utulivu wa historia. Hoja yangu ni kwamba katika nchi hii leseni na mafunzo vilizaliwa katika nyakati mbili tofauti na kwa makusudi mawili tofauti. Leseni ilizaliwa kama risiti ya kodi. Mafunzo kwa raia yalizaliwa kama somo la siasa. Ninaunga mkono sharti la mafunzo, lakini nitaonyesha kwamba sharti hilo halitatufaa kitu kama mafunzo yenyewe yataishia kwenye kulenga shabaha.

Leseni kama risiti

Bunduki ziliingia Buganda katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar. Kufikia miaka ya 1880 zilikuwa zimekuwa nyingi kiasi cha kuamua nani atawale. Vita vya dini vya 1888 hadi 1892 vilipiganwa kwa bunduki hizo, na katika mapigano ya Mengo ya Januari 1892 Kapteni Lugard aliwapa silaha Waprotestanti, jambo lililoegemeza ushindi upande wao. Mataifa ya Ulaya nayo yalikuwa yamekwisha kukubaliana, katika Mkataba wa Brussels wa 1890, kuzuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Pamoja na hilo, mkataba huo uliwapunguzia Waafrika uwezo wa kuwapinga wageni waliokuwa wakigawana ardhi yao.

Ndipo ukaja Mkataba wa Uganda wa 1900. Wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu ya ardhi ya mailo na kodi ya kibanda. Mkataba huo ulileta pia kodi ya bunduki: rupia 3 kwa mwaka kwa kila mtu anayetumia bunduki. Kabaka alipewa leseni 50 bila malipo kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Mwaka uliofuata, 1901, Ankole nayo, ambako ndiko Mbarara ilipo, ikatia sahihi mkataba wake na Waingereza.

Tukiusoma mpango huu kwa makini, tunaona leseni ilipima mambo mawili: uwezo wa kulipa na cheo. Haikuuliza kama mwenye bunduki anajua kuihifadhi mbali na watoto, wala kama anajua ni wakati gani asiitumie. Serikali ilitaka kujua bunduki ziko kwa nani na zitaleta rupia ngapi. Mtazamo huu ndio mzizi wa leseni tuliyonayo.

Baada ya uhuru, Sheria ya Silaha ya 1970 ilibadili lugha. Cheti cha silaha sasa kilitegemea mamlaka ya polisi kuridhika kwamba mwombaji ni mtu anayefaa. Hii ilikuwa hatua mbele, kwa kuwa tabia na akili timamu vina uzito kuliko rupia. Lakini sheria hiyo ilikuwa changa mno ilipokutana na mwaka 1971. Amin alichukua madaraka tarehe 25 Januari mwaka huo, na kwa miaka minane bunduki iliyotawala maisha ya Mganda haikuwa na cheti cha polisi. Ilitoka kambini. Mwaka 1979, wakati majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mbarara na kusonga kuelekea Kampala, askari wa Amin walikimbia na kuacha maghala ya silaha wazi. Kambi ya Moroto iliporwa, na bunduki zake zikabadili wizi wa ng'ombe wa Karamoja kuwa vita. Bunduki zile hazikuwa na leseni, na wengi waliozichukua hawakuwa na darasa.

Chaka mchaka: darasa bila leseni

Mafunzo ya bunduki kwa raia yana historia nyingine kabisa, na jina lake linatoka katika lugha yetu. Nchini Tanzania, mchakamchaka ni mbio za asubuhi zinazokwenda na nyimbo, kama zinavyokimbiwa shuleni na katika Jeshi la Kujenga Taifa. Yoweri Museveni, aliyesoma Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alizifahamu siasa za Tanzania pamoja na mbinu za FRELIMO za kumfundisha mwananchi wa kawaida. Alipoanzisha vita vyake kwa kushambulia Kabamba tarehe 6 Februari 1981, kundi lake lilikuwa na bunduki 27 tu. Jeshi la namna hiyo linalazimika kufikiri juu ya uhusiano kati ya bunduki na mtu asiyekuwa nayo.

Baada ya NRA kuingia Kampala mwezi Januari 1986, mafunzo yaliyoitwa chaka mchaka yalienezwa nchini. Viongozi wa vijiji, watumishi wa serikali na wanafunzi waliokuwa wakielekea chuo kikuu walifundishwa historia ya Uganda na siasa za Movement, pamoja na kuifungua na kuifunga bunduki. Wenyewe walieleza kwamba nia ni kuiondolea bunduki fumbo lake. Raia aliyeishi chini ya Amin na Obote alimwogopa askari kwa sababu ya bunduki, na bunduki aliiogopa kwa sababu hakuijua. Akiijua, walisema, hatapiga tena magoti mbele ya kila mwenye magwanda.

Wapinzani walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba darasa lile lilikuwa pia la chama kimoja. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hatupaswi kulipita haraka. Mafunzo yalipokwisha, bunduki zilirudi ghalani. Serikali iliwafundisha wengi na kuwapa silaha wachache. Kumbe inawezekana kujifunza bunduki bila kuibeba! Hapa tuna kinyume kamili cha mwaka 1900: wakati ule palikuwa na leseni bila darasa, na sasa pakawa na darasa bila leseni.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili somo hili lina uchungu wake. Katika Uganda ya Amin, Kiswahili kilisikika na wengi kama lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabara. Chaka mchaka ilijaribu kuligeuza neno la Kiswahili liwe la raia. Sidhani kama ilifaulu, lakini jaribio lenyewe linatuambia kwamba mafunzo ya silaha daima hubeba kitu kingine zaidi ya silaha. Humfundisha mtu yeye ni nani mbele ya wenzake.

Waliofundishwa, wakaua

Hapa ndipo wanaotetea mafunzo tunapopaswa kujibu swali gumu. Baadhi ya mauaji yaliyotikisa eneo letu yalifanywa na watu waliofundishwa na kupewa silaha na serikali yenyewe.

Tarehe 2 Mei 2023, waziri Charles Engola aliuawa na mlinzi wake mwenyewe, askari wa jeshi. Siku 10 baadaye, askari polisi alimpiga risasi na kumuua mkopeshaji fedha mjini Kampala. Ilielezwa kwamba askari huyo alikuwa amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili na kuzuiwa kushika silaha, na kwamba bunduki aliyotumia ilikuwa ya mwenzake. Upande wa pili wa mpaka, ambako familia nyingi za Kabazana zimetoka, tunakumbuka kadogo: watoto waliofundishwa kufyatua kwa muda mfupi katika vita vya 1996 na 1997 vilivyomwingiza Laurent-Désiré Kabila Kinshasa. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila aliuawa na mlinzi wake, na aliyetajwa kufanya hivyo alikuwa kadogo wa zamani.

Katika visa hivi hakukosekana mtu wa kufundisha kulenga. Kilichokosekana ni mengine: uangalizi wa afya ya akili, ghala linalofungwa, mkubwa anayesikiliza malalamiko ya aliye chini yake, na mazoea ya kuacha kidole mbali na kifyatulio mtu anapokasirika. Mwaka 2020 vikosi vya LDU vilipotumiwa kusimamia amri ya kutotoka nje wakati wa korona, malalamiko ya raia waliopigwa na kuuawa yalizidi hadi mwezi Julai jeshi likawaondoa barabarani ili wafundishwe upya. Walikuwa wamefundishwa tayari. Kufundishwa upya ni kukiri kwamba darasa la kwanza lilisahau kitu.

Mlinzi wa mlangoni

Mjadala wa leseni mara nyingi humfikiria tajiri mwenye bastola kiunoni. Kwa mkazi wa kawaida wa Mbarara, bunduki anayokutana nayo ni ya mlinzi wa benki, wa duka la jumla au wa kituo cha mafuta. Sisi tunaosafiri kutoka Nakivale kwenda mjini kusoma, kutafuta matibabu au kupokea fedha tunapita mbele ya mitutu hiyo bila kuihesabu. Wengi wetu hatutaomba leseni maishani. Tunataka tu anayetufungulia mlango ajue anachokishika. Kwa mama aliyekimbia Masisi au Fizi kwa sababu ya bunduki, mkono unaotetemeka juu ya mtutu si jambo dogo.

Hapa sheria inakutana na tatizo ambalo 1900 haikuliona. Kwa kawaida bunduki ya mlinzi ni ya kampuni. Yeye huichukua anapoanza zamu na kuirudisha anapomaliza. Anayemiliki hasimami mlangoni, na anayesimama mlangoni hamiliki. Tukiweka sharti la mafunzo kwa mwenye leseni peke yake, tutamfundisha mkurugenzi wa kampuni na kumwacha kijana wa zamu ya usiku. Hatua zilizotangazwa mwaka 2018 baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga zilitaka kila bunduki nchini ichukuliwe alama zake, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka wapi. Ni hatua njema, lakini husaidia baada ya risasi kutoka. Mafunzo ndiyo yanayofanya kazi kabla.

Hoja za kupinga, na majibu yake

Wapo wanaosema mafunzo yatamfanya muuaji awe hodari zaidi. Mwenye nia mbaya hasubiri darasa. Zaidi ya hayo, darasa ni mahali ambapo mwalimu anaweza kumwona mtu asiyefaa na kumkatalia.

Wengine husema gharama ya mafunzo itaifanya leseni iwe ya matajiri tu. Hoja hii ina uzito, kwa sababu itaturudisha kwenye rupia 3. Jibu ni kwamba kampuni ya ulinzi igharamie mafunzo ya walinzi wake bila kukata mishahara yao, na ada ya mtihani iwekwe na serikali.

Wapo pia wanaotaja Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambako raia wenye leseni waliokuwa wamezoea kufanya mazoezi ya shabaha waliingia mapema na kuwatoa watu. Ni kweli, na ujasiri wao hauna ubishi. Lakini siku hiyo hiyo vikosi vya serikali vilifyatuliana risasi kwa kutoelewana. Kila upande ulijua kulenga; hawakuwa wamejifunza kutambuana.

Afrika Kusini imejaribu njia ambayo Uganda inaweza kuitazama. Sheria yake ya 2000 inamtaka mwombaji apate kwanza cheti cha umahiri, kinachopima ujuzi wake wa sheria ya silaha na utumiaji salama, kabla ya leseni ya bunduki yenyewe. Cheti ni cha mtu. Leseni ni ya bunduki. Mgawanyo huo ungetatua tatizo la mlinzi wetu wa mlangoni, kwa kuwa angekuwa na cheti chake mwenyewe hata kama bunduki ni ya kampuni.

Hitimisho

Historia ya Uganda inaonyesha serikali tatu zikiuliza maswali matatu. Mkoloni aliuliza: umelipa? Sheria ya 1970 iliuliza: unafaa? Chaka mchaka iliuliza: unaijua bunduki? Kila swali peke yake liliacha mlango wazi. Kwa hiyo napendekeza leseni iyaunganishe mawili ya mwisho na kuongeza la nne: unajua ni lini hupaswi kufyatua, na nani utamjibu ukifyatua? Mtihani huo urudiwe kila baada ya muda, na umhusu kila anayeishika bunduki, awe mwenye mali au mwenye zamu.