Hesabu fuatizi, na usimamizi usio na msimamizi

Kamati moja, ambayo kwa adabu siitaji, imetuletea istilahi ya kazi ya kuwahesabu wanyama mara kwa mara: "usimamizi wa idadi ya wanyamapori kandokando ya viwanja vya ndege". Usimamizi! Simama huzaa simamia, nayo simamia humzaa msimamizi: wa mtihani, wa mirathi, wa mjengo. Haya, nani aliyewasimamia kunguru wa uwanja wa ndege wa Ukunda?

Mwenzetu mwingine, mpenzi wa ufupi, anang'ang'ania "sensa". Sensa ya watu Kenya huja kila baada ya miaka 10, ya mwisho ikiwa ya 2019. Rubani anayetua Ukunda hawezi kungoja hiyo. Wa tatu ameandika "ufuatiliaji wa ndege katika uwanja wa ndege", nami nikadhani anazungumzia mnara wa kuongozea marubani. Hapa lugha yetu ina mtego wake: ni upatanisho tu unaotenganisha ndege hawa wenye manyoya na ndege hizi zenye injini, na mwandishi huyo hakuweka hata kiambishi kimoja cha kutuokoa.

Ninachopendekeza ni hesabu fuatizi. Saidia limetupa saidizi, kama katika kitenzi kisaidizi. Fuatia, kwa njia iyo hiyo, litupe fuatizi. Wala si fuata tupu, maana afuataye huenda nyuma ya mnyama. Kinachofuatia huja baada ya chenzake, na hapo ndipo ilipo kazi yenyewe: hesabu ya leo haina maana bila ya jana, na zote mbili zifanywe kwa njia ile ile, saa zile zile, msimu ule ule. Kwa mfano, shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani 1997, huwahesabu mbega, kima, tumbili na nyani mwaka baada ya mwaka. Ukichukua mwaka mmoja peke yake, hujui kama mbega wanapungua au walijificha tu majanini. Nimeambiwa neno langu "halijazoeleka". Na usimamizi wa kunguru ulizoeleka lini?

Kwa matumizi: wahesabiwe ndege wanaokatiza njia ya kurukia, ukaguliwe pia urefu wa nyasi na jaa la taka lililo jirani, kisha uandike "Hesabu fuatizi ya kunguru, Ukunda, Julai". Wingi wa neno hili haubadiliki, kwa hiyo hata kamati italimudu.