Posho

Juzi, kwenye hoteli moja ya kifahari hapa Tabora, vitambaa vya mezani vimekunjwa mithili ya majahazi, mwenzangu wa semina alininong'oneza: "Posho wanatoa saa ngapi?" Kuku wake wa kupaka hajaguswa.

Neno hilo ni kongwe katika njia hii ya misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, hapahapa Tabora, hadi Bagamoyo alipewa posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au shanga na vipande vya kitambaa cha merikani akajinunulie chakula vijijini. Uganda, posho ni ugali wenyewe. Kenya, mashine ya posho husaga mahindi. Sisi tumeitia kwenye bahasha, na siku hizi kwenye simu.

Mwenzangu aliporudi kutoka kutia sahihi ya posho, kuku alishapoa.